Pua Inayowasha na Chafya za Asubuhi
Somo kwa wanafunzi wa vyuo na kwa wote wanaokaa pamoja nao

Rafiki msomaji, labda wewe ni mmoja wa wale wasemao, "Mafua yangu hayaponi." Unaamka asubuhi, na kabla hujashuka kitandani umekwisha kupiga chafya kumi. Pua inawasha, maji membamba yanatoka, macho nayo yanawasha. Jua likipanda unapata nafuu kidogo. Kesho mambo ni yale yale. Umekunywa dawa za mafua, umekunywa dawa za kuua vidudu, labda umechomwa na sindano, na fedha zimekwisha. Lakini pua haikupona.

Somo hili ni kwa ajili yako. Tunataka ulijue neno moja kubwa: ugonjwa huu si mafua, na dawa za mafua haziuondoi. Una chanzo chake, una njia zake, tena una dawa zake. Mtu akiujua anaweza kuutawala, akalala vizuri, akasoma vizuri, na kukilinda kifua chake.

HABARI YA MWANAFUNZI

Tuseme kijana ametoka upande wa Djugu, amekuja Bunia kusoma katika chuo. Amepanga chumba kidogo pamoja na wenzake wawili. Chumba kina dirisha moja, nalo hufungwa siku zote kwa kuogopa wezi. Godoro alilinunua kwa mwanafunzi aliyemaliza masomo, na huyo naye alilinunua kwa mwingine. Chini ya kitanda mna maboksi ya vitabu na makaratasi ya zamani. Usiku mende hutembea.

Baada ya miezi michache akaanza kupiga chafya. Rafiki mmoja akamwambia, "Hiyo ni gripi, itapita." Haikupita. Wa pili akasema, "Hiyo ni sinizite, nunua amoksisilini." Akanunua, akanywa, akanunua tena. Wa tatu akasema, "Meza klorofenamini, utaona." Kweli, maji ya pua yalikauka. Lakini asubuhi ya mtihani alimeza vidonge viwili, na katika chumba cha mtihani macho yakawa mazito. Alisoma swali la kwanza mara nne asielewe. Saa ilipokwisha, nusu ya karatasi ilikuwa nyeupe.

Alipokwenda hospitali, muuguzi mmoja mzee hakukimbilia dawa. Alimwuliza kwanza.

"Mwanangu, unapata homa?"
"Hapana, mama."
"Wenzako wa chumbani wanaumwa hivyo pia?"
"Hapana, mama. Ni mimi peke yangu."
"Chafya zinakuja wakati gani?"
"Asubuhi, na nikifagia, na nikitikisa kitanda."
"Kwenu kuna mtu mwenye pumu?"
"Ndiyo, dada yangu."
"Basi, mwanangu, hayo si mafua. Keti, nikueleze."

Habari hii tumeitunga kuwa mfano, lakini mambo yake huwapata wengi. Katika mji wa Bunia wamo wanafunzi wa vyuo vingi: Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu cha Shalom, chuo cha ualimu ISP, na chuo cha waganga na wauguzi ISTM. Wengi wao hukaa katika vyumba kama kile, na wengi hutafuta shauri kwa rafiki kabla ya kulitafuta kwa mtu aliyejifunza kazi ya dawa.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mwili wa mtu una askari wake. Kazi yao ni kupigana na vidudu vya magonjwa. Lakini katika miili ya watu wengine askari hao hukosea. Wanaona kitu kisichokuwa adui, kama vumbi la nyumba au unga wa maua, wanakidhania kuwa adui, nao wanaanza vita. Katika vita hiyo mwili humwaga maji yake yaitwayo histamini ndani ya pua. Histamini ndiyo inayoleta muwasho, chafya, maji na kuvimba. Kosa hilo la mwili linaitwa alerji. Likiwa puani, tunaliita alerji ya pua.

Watu wa zamani walisumbuka nayo wasiijue. Mwaka 1819 mganga mmoja wa London, John Bostock, aliwaeleza waganga wenzake ugonjwa wa pua na macho uliomtaabisha yeye mwenyewe tangu utoto. Mwaka 1873 mganga mwingine wa Uingereza, Charles Blackley wa Manchester, aliandika jinsi alivyojijaribu mwenyewe kwa unga wa maua ya majani, akaona kwamba huo ndio uliomletea chafya. Jina la alerji lilitolewa mwaka 1906 na mganga Clemens von Pirquet wa Vienna. Basi usione haya. Hata waganga waliumwa na ugonjwa huu, nao waliujua kwa kuangalia kwa uangalifu ni kitu gani kinachouamsha.

Ugonjwa huu hauambukizi. Unaweza kula sahani moja na mwenye alerji, na kulala naye chumba kimoja, usiupate. Hauletwi na kulogwa, wala si dalili ya uchafu wa mtu au uvivu. Mara nyingi hufuata jamaa: baba au mama akiwa na alerji au pumu, mtoto naye huweza kuwa nayo kwa urahisi zaidi.

MAFUA AU ALERJI?

Angalia tofauti hizi.

Mafua huja mara moja, pengine pamoja na homa, maumivu ya koo na ya mwili. Kamasi huwa nzito baada ya siku chache. Wengine nyumbani huumwa pia. Mafua hupona yenyewe, kwa kawaida katika siku 7 mpaka 10.

Alerji haina homa. Pua inawasha, na mara nyingi macho na kaakaa pia. Chafya zinafuatana nyingi kwa mara moja. Kamasi ni nyembamba kama maji. Wakati mwingine pua huziba kabisa usiku, na mtu hulala kinywa wazi. Ugonjwa hudumu majuma mengi, au huenda na kurudi kila ukutanapo na kile kitu kinachouamsha.

Waganga huangalia pia muda. Mtu akiumwa zaidi ya siku 4 katika juma, kwa zaidi ya majuma 4 yanayofuatana, alerji yake ni ya kudumu, naye anahitaji dawa ya kila siku kwa muda. Akiumwa siku chache tu, dawa ya siku zile yaweza kutosha.

Neno jingine. Watu wa Ituri wameona Ebola tangu 2018 hadi 2020, na Corona tangu 2020. Tumejifunza kuogopa chafya ya mtu. Usimfukuze mwenzako mwenye alerji, lakini wewe mwenye alerji nawe piga chafya ndani ya kiwiko chako, na unawe mikono. Siku nyingine yaweza kuwa mafua ya kweli juu ya alerji. Na ukipata homa, usiseme, "Ni alerji yangu tu." Nenda upimwe.

NI VITU GANI VINAVYOIAMSHA?

Kwanza, utitiri wa vumbi. Hao ni wadudu wadogo mno, jamaa ya kupe. Ukiwapanga watatu kwa mstari hawafiki urefu wa milimita 1. Hawaumi mtu. Wanakaa ndani ya magodoro, mito na blanketi, wanakula magamba madogo ya ngozi yetu yanayoanguka tukilala. Choo chao ndicho kinachoamsha alerji. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba wadudu hawa ndio siri kubwa ya vumbi la nyumba. Kwa hiyo mtu hupiga chafya sana asubuhi: amelala usiku kucha na pua yake juu ya makao yao.

Pili, mende. Choo cha mende na vipande vya miili yao hukauka na kuchanganyika na vumbi. Katika nchi yetu wenyewe, waganga wa Kinshasa walipima ngozi za watu na kutoa habari yao mwaka 2012. Utitiri wa vumbi na mende vilikuwa mbele katika vitu vilivyoamsha alerji.

Tatu, ukungu. Huo huota penye unyevu: ukuta unaopitisha maji ya mvua, vitabu vilivyolowa, nguo zilizofungiwa zikiwa mbichi.

Nne, unga wa maua ya majani, uitwao chavua, unaochukuliwa na upepo. Tano, manyoya ya paka, mbwa na wanyama wengine.

Tena kuna vitu ambavyo si chanzo cha alerji, lakini huichokoza pua iliyokwisha kuumwa: vumbi la barabara, moshi wa makala na kuni, moshi wa sigara, manukato makali, na vumbi la chaki. Katika Bunia miezi ya kiangazi, tangu Desemba mpaka Februari, watu wa namna hii hutaabika zaidi. Barabara za udongo hukauka, kila pikipiki ipitayo huinua wingu jekundu, na majani makavu huchomwa nje ya mji. Ndiyo sababu wengi huuita ugonjwa huu "mafua ya vumbi." Jina hilo lina ukweli, lakini lina hatari pia. Mtu hulaumu vumbi la barabara, asilitazame godoro lake.

KAZI YA KWANZA: CHUMBA CHAKO

Dawa bila kusafisha chumba ni kama kukausha sakafu huku paa linavuja. Fanya haya:

1. Toa godoro na mto nje juani mara moja kila juma, uvipige vizuri. Kama wewe ndiwe mgonjwa, mwombe mwenzako avipige, nawe ukae mbali. Jua hukausha unyevu ambao utitiri wanaupenda.

2. Fua shuka na foronya kila juma kwa maji ya moto sana, yale ambayo mkono hauwezi kuyavumilia. Maji baridi huondoa uchafu, lakini hayaui utitiri. Blanketi nayo ifuliwe mara kwa mara.

3. Usifagie vumbi kavu. Nyunyiza maji kwanza, au pangusa kwa kitambaa kibichi. Funga pua na kinywa kwa kitambaa ukifanya kazi hiyo.

4. Ondoa maboksi na makaratasi chini ya kitanda. Vitabu viwekwe ndani ya sanduku lenye kifuniko, au kwenye rafu inayopanguswa.

5. Usiache chakula wazi wala vyombo vichafu usiku. Mende huja kwa sababu ya chakula. Ziba nyufa za ukuta.

6. Fungua dirisha mchana ukiwapo. Usipike ndani ya chumba cha kulala. Wala usilale kamwe na jiko la makala ndani. Hilo si jambo la alerji tu, hewa yake huua watu usingizini.

7. Usiache chandarua kwa sababu kina vumbi. Malaria ni adui mkubwa zaidi. Kifue taratibu kwa sabuni ya kawaida, ukianike kivulini, maana jua kali huharibu dawa iliyomo.

Katika darasa, keti mbali na ubao, na ubao upanguswe kwa kitambaa kibichi. Ukipanda pikipiki, funika pua na kinywa. Ukirudi, nawa uso na ubadili nguo kabla ya kujitupa kitandani. Nanyi mnaotunza nyumba ya ibada, nyunyizeni maji kabla ya kufagia, na mpanguse viti mapema, si wakati watu wanaingia. Mtasaidia ndugu wengi wanaotoka nje kwa chafya katikati ya mafundisho.

KAZI YA PILI: MAJI YA CHUMVI

Hii ni dawa ya bei ndogo. Chemsha maji safi, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Katika glasi moja, yaani robo lita, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Inama juu ya beseni, ingiza maji taratibu katika tundu moja la pua kwa bomba safi la sindano lisilo na sindano, ukipumua kwa kinywa. Maji yatoke, kisha fanya upande wa pili. Maji hayo huosha vumbi na kamasi. Usitumie maji yasiyochemshwa, na usiyaweke mpaka kesho.

KAZI YA TATU: DAWA ILIYO SAWA

Kuna vidonge vinavyozuia histamini. Vya zamani, kama klorofenamini na prometazini, huleta usingizi mwingi. Usivimeze asubuhi ya mtihani, wala kabla ya kuendesha pikipiki, na usivichanganye na pombe. Vipo vipya zaidi, kama setirizini na loratadini. Kwa mtu mzima ni kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku. Hivi huleta usingizi kidogo tu, na loratadini hata kidogo zaidi. Walakini watu hawafanani: vijaribu kwanza jioni, siku isiyo ya kazi kubwa. Mwenye mimba, anayenyonyesha, au mwenye ugonjwa wa figo au ini aulize hospitali kwanza.

Kwa alerji ya kudumu, hasa pua ikiziba, dawa iliyo bora kuliko vidonge ni ile ya kupuliza puani, kama beklometazoni au flutikazoni. Lakini wanafunzi wengi huitumia siku mbili, wakaitupa wakisema, "Haifai." Kosa si la dawa. Hii haifanyi kazi upesi kama kidonge. Hutaka siku kadhaa, pengine majuma mawili, nayo hutumiwa kila siku. Tena ina namna yake: safisha pua kwanza, inamisha kichwa mbele kidogo, shika dawa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na kwa mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, ili dawa ielekee upande wa sikio, si ukuta wa katikati, puliza, usivute kwa nguvu mpaka kooni.

Sasa sikia dawa za kujihadhari nazo:

Matone ya kuzibua pua upesi yasitumiwe zaidi ya siku 5. Yakizidi, pua huziba kuliko kwanza, na mtu huwa mtumwa wa matone.

Amoksisilini na dawa nyingine za kuua vidudu hazisaidii alerji, kwa kuwa hakuna vidudu vya kuua. Kuzinywa ovyo hupoteza fedha, na huwafundisha vidudu wengine kuishinda dawa siku utakapoihitaji kweli.

Deksametazoni, kwa vidonge au kwa sindano, huleta nafuu ya haraka, na kwa hiyo wengine huiuza kama dawa ya ajabu. Ikitumiwa mara nyingi hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na damu, na kuwapunguza nguvu askari wa mwili. Usikubali kuchomwa sindano ambayo hujaambiwa jina lake.

LINDA KIFUA CHAKO

Pua na mapafu ni njia moja. Wengi wenye pumu wana alerji ya pua pia, na pua isiyotunzwa huifanya pumu kuwa ngumu. Kwa hiyo mtu akikohoa usiku, kifua kikilia kama filimbi, au akikosa pumzi akipanda kilima, asiseme ni pua tu. Apimwe pumu.

Nenda hospitali pia ukiona: pua imeziba upande mmoja tu, damu inatoka mara kwa mara, usaha wenye harufu mbaya, homa na maumivu makali ya uso, au kikohozi cha majuma mawili au zaidi, maana yaweza kuwa kifua kikuu. Na mtu akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, apelekwe saa ile ile, mchana au usiku.

NENO LA MWISHO

Hatukuahidi kwamba alerji itakwisha kabisa. Wengine hupata nafuu wakiendelea katika umri, wengine hukaa nayo miaka mingi. Lakini kukaa nayo si kushindwa nayo. Nunua daftari ndogo. Kwa majuma mawili andika kila siku: chafya zilikuja saa gani, nilikuwa wapi, nilifanya nini, nilimeza dawa gani, nililala namna gani. Ukija hospitali lete daftari hiyo. Itamsaidia mganga kuliko maneno mengi, na itakuokoa usinunue dawa kwa shauri la kila mpita njia.

Na ninyi wazazi mnaotuma fedha za masomo, kijana akisema hawezi kusoma kwa ajili ya pua, msimcheke. Asiyelala usiku hawezi kufahamu somo mchana. Mwulizeni habari za godoro lake kabla ya kumwuliza habari za alama zake.

MASWALI

1. Taja tofauti tatu kati ya mafua na alerji ya pua.
2. Kwa nini mwenye alerji hupiga chafya sana asubuhi?
3. Kwa nini maji ya kufulia shuka yawe ya moto sana?
4. Ni vidonge gani visivyofaa asubuhi ya mtihani, na kwa nini?
5. Dawa ya kupuliza puani hutaka muda gani kabla ya kuonyesha kazi yake?
6. Taja dalili tatu za kumpeleka mtu hospitali bila kukawia.